Siku Nilizomngoja Safi Aseme

Maneno ya mwisho ambayo binti yangu Safi aliyasema sawasawa kabla ya ugonjwa yalikuwa matatu: "Papa, kichwa inauma." Ilikuwa siku ya soko, saa nne asubuhi. Nilikuwa mezani kwangu hapa Kabambare, nimefungua redio ya mteja aliyekuwa anangoja pikipiki ya kurudi Wamaza. Nilimjibu bila kuinua macho: "Ngoja kidogo."

Alingoja. Nilipomaliza kuunga waya na kutazama chini, alikuwa amelala juu ya gunia karibu na miguu yangu, na nilipomgusa shingo, ilikuwa inawaka.

Alikuwa na miaka sita. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza wiki ile. Naandika haya leo, kiangazi cha pili tangu siku hiyo, kwa sababu wazazi wameanza kuja mezani kwangu bila redio mkononi. Wanakuja na mtoto. Wanasema, "Tulisikia wa kwako alirudi kusema. Ulifanya nini?" Kila mara naeleza nusu tu, kwa kuwa kazi inaningoja. Hapa nitaeleza yote, pamoja na kosa langu, maana kosa langu ndilo litakalowafaa zaidi.

Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Siku nne hospitalini hakufungua macho. Walimchoma sindano kwa saa walizopanga, wakamtundikia serumu, na mama yake, Zaina, akatoa damu mara moja. Walimnyoa upande mmoja wa kichwa ili wapate mshipa. Wakati huo nilikuwa na kazi moja tu, kuangalia matone ya serumu na kumwita mwuguzi yakisimama. Nilishukuru kwa kazi hiyo. Mtu wa mikono akikosa cha kushika anaharibika.

Siku ya tano alifungua macho na kumtazama Zaina. Tulilia wote. Tulidhani imekwisha.

Mwili ulirudi kwa vipande. Kwanza kumeza. Kisha kukaa. Wiki ya tatu alitembea, akiegemea ukuta kama mtoto wa mwaka mmoja. Mkono wa kuume ulibaki umekunjwa hadi mwisho wa mwaka, na mate yalikuwa yanamtoka upande huo wa mdomo. Nywele ziliota. Maneno hayakurudi. Masikio yalikuwa mazima: ukimwambia alete sandali, analeta. Lakini alikuwa na sauti moja tu, "mm", ya njaa, ya usingizi, ya mkojo, ya hasira. Tukikosea maana yake, aliuma. Zaina alikuwa na alama za meno mikononi na alivaa mikono mirefu ili majirani wasione.

Daktari alisema kichwa kiliumia mahali pa maneno, na kwamba tungoje. Sikuwahi kupenda neno hilo, na baada ya siku ile mezani nililichukia.

Mimi sikusoma zaidi ya darasa la sita. Nilichokijua cha redio nilikipata kwa kufungua zilizokufa na kuandika kila nilichokiona. Kwa hiyo nilifanya nilichozoea. Nilinunua daftari, nikapiga mistari. Kila asubuhi, kabla ya kwenda mezani, nilimkalisha Safi mbele yangu na kumwonyesha vitu ishirini. Kikombe. Kijiko. Kitambaa. Ndizi. "Hii nini? Safi, hii nini? Sema." Akitamka, alama. Asipotamka, sifuri. Nilijaza kurasa kumi na moja za sifuri. Mwishoni alikuwa akiona tu jalada la daftari anaingia chini ya kitanda.

Zaina alivumilia hadi siku moja akaja na kusimama kati yetu.

"Papa Safi, unamuuliza huyu mutoto kama maaskari wa bariera ya barabarani. Jina yako nani, unatoka wapi, uko na nini ndani ya mufuko. Hata mutu muzima pale anasahau kusema."

"Namfanyia mazoezi."

"Weye unafanya mazoezi. Yeye anaogopa."

Nilifunga daftari siku hiyo, kesho yake nikalifungua tena.

Mezani nako watu hawakuacha. Mfanyabiashara mmoja wa Salamabila, mtu wa utani, alikuja kuchukua redio yake, akaiwasha, ikapiga muziki. Akasema kwa sauti: "Fundi, hii ilikuwa bubu wiki nzima, umeifungua mudomo. Ule wa kwako, unamuachia fundi gani?" Watu wawili walicheka. Kisha wakamwona Safi amekaa kwenye gunia lake, wakanyamaza. Yule bwana aliona aibu, akampa biskuti. Safi aliipokea na kusema "mm". Kila mtu pale alifahamu ni asante. Mimi sikuandika, kwa sababu halikuwa neno.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe.

Nyumbani kwetu tunaishi na mama yangu, ambaye kila mtu anamwita Bibi. Bibi anasema Kibangubangu. Mimi na Zaina tunasema Kiswahili, na Safi alikuwa amekwisha kuchukua nyimbo za Kifaransa kutoka kwa watoto wa shule. Nilifikiri hivi: redio ikishika stesheni mbili mahali pamoja, husikii hata moja, unasikia kelele. Dawa yake ni kusogeza kidogo mpaka ibaki moja. Basi kichwa cha mtoto kilichoumia, kinachopokea lugha tatu, kitasikia nini? Hakuna aliyenishauri. Nilifikiri mwenyewe, na nilijiona nimefikiri vizuri.

Nilimwambia mama yangu mwaka ulipoanza, mwezi wa kwanza, tukiwa tunabambua karanga mpya uani. Nilimwambia kwamba tangu siku ile, mbele ya Safi, nyumba nzima itasema Kiswahili peke yake.

Aliweka chini karanga alizokuwa nazo.

"Unanifunga mudomo, mwanangu?"

"Sikufungi, mama. Sema tu Kiswahili."

"Kiswahili yangu ni ya soko. Na huyu mutoto, nitamuuzia nini?"

Nilidhani ni ubishi. Lakini alitii, na nikajisifu kwamba nyumba imepata utaratibu.

Kumbe kulikuwa na jambo nililolikosa. Alasiri Bibi anapotwanga sombe, majani ya muhogo, au kubambua karanga, hutoa hadithi. Hadithi zake zina mahali pa wimbo: yeye anatupa nusu, wasikilizaji wanamrudishia nusu nyingine. Usiporudisha, anasimama. Haendelei. Ataketi pale na mchi mkononi, anakutazama, hata kama jua linazama na chakula hakijaiva. Ndivyo alivyotulea sisi. Nami niliondoka nyumbani kila asubuhi na kurudi jioni, kwa hiyo sikujua kwamba Safi, tangu atoke hospitalini, alikuwa anakaa kando ya kinu, na wimbo unapofika mahali pake, anapiga kinu kwa kiganja cha kushoto. Pah. Na Bibi anaendelea. Daftari langu lilikuwa na mistari ya maneno tu. Kiganja hakikuwa na mahali pa kuandikwa.

Baada ya amri yangu Bibi alikuwa na salamu, bei, "kula" na "njoo". Hadithi zake hazikuwa na Kiswahili. Alitwanga kimya. Safi aliacha kukaa kando ya kinu, akahamia kizingitini, akitazama barabara. Zaina aliniambia, "Mutoto anarudi nyuma." Nikamjibu kwamba mabadiliko yanahitaji muda. Miezi mitano ilipita hivyo, na hata ile "mm" ikapungua. Zaina alimpeleka kwenye kisomo, nikaenda nao. Shehe alimshika kichwa kwa upole na kumsomea, na Safi akalala mikononi mwake. Siku hizo tulihesabu hilo kuwa jambo jema, na lilikuwa jema.

Kiangazi, barabara ilipokauka, nilimpeleka Kasongo kwa pikipiki. Nilisikia kwamba hospitalini kule kuna mama wa kine, yaani mtaalamu wa kunyoosha viungo, na nilitaka auone mkono. Safi alikaa kati yangu na dereva, amefungwa mgongoni kwa dereva na kitenge cha mama yake. Madaraja mawili ya miti tulivuka kwa miguu, dereva akisukuma. Tulifika jioni ya siku ya pili, tumekuwa rangi ya vumbi wote watatu.

Kwenye benchi la kungojea tulikaa asubuhi nzima. Kando yetu alikuwa mzee mwenye mguu uliofungwa mbao, na mwanamke aliyembeba mtoto asiyeweza kukaza shingo. Mwanamke yule aliniuliza Safi ana nini. Nikasema, "Hasemi." Akasema, "Wa kwangu haketi," akasogea kidogo ili Safi apate kivuli. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi kukaa na mtu asiyenionea huruma wala kunitania.

Mama wa kine alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya chini. Aliushika mkono wa Safi, akaukunja, akaukunjua, akanionyesha mazoezi. Kisha akauliza kuhusu maneno. Kabla sijaeleza alisema: "Papa, nikuambie ukweli. Mimi ni wa miguu na mikono. Fundi wa kusemesha watoto hapa hakuna. Lakini niliwahi kupata mafunzo kidogo, na niko na mutoto alichelewa kusema. Naweza kukuambia kile nimeona."

Alitoa vifuniko vya chupa, akavimwaga kwenye mkeka. "Chezeni. Mimi niko naandika."

Nilikaa na Safi. Nikainua kifuniko chekundu. "Hii rangi gani? Safi, hii rangi gani? Iko ngapi? Sema moja. Sema." Safi alitazama mlango.

Baada ya muda mama wa kine aliweka kalamu. "Umemuuliza maswali kumi na tisa. Umengoja jibu mara ngapi?"

Mimi ndiye niliyezoea kuhesabu vitu vya wengine.

"Kila swali, hesabu kumi ndani ya roho kabla ya kufungua mudomo tena. Kumi pole pole. Njia ya neno ndani ya kichwa yake imeharibika, inapita mbali. Unamuita akiwa bado katikati ya njia, anarudi mwanzo." Kisha akauliza: "Nyumbani, nani anachekaga naye?"

"Bibi yake."

"Na Bibi anasemaga naye luga gani?"

Nilianza kukusanya vifuniko vya chupa. Safari hii ni yeye aliyehesabu kumi. Nilimweleza habari ya stesheni mbili, na nilipokuwa naeleza, nilisikia jinsi inavyosikika.

Hakunikemea. "Ubongo haiko redio, papa. Luga ya mutu anayempenda haimuchanganyi mutoto. Rudisha Bibi yake."

Njiani kurudi nilikuwa na siku mbili za kutafuta namna ya kusema. Nilimkuta mama yangu uani anachagua mchele. Nikaketi chini kwenye mkeka wake, nikaanza, "Mama, nilikosea."

Aliendelea kuchagua. "Kiswahili ya kweli miye siijui," alisema. "Si nilikuambia tangu siku ile? Sema na luga naelewa."

Kwa hiyo niliomba radhi kwa Kibangubangu, mimi ambaye kwa miaka ishirini nimeishi kwa Kiswahili cha wateja. Nilikwama mara mbili. Neno moja nililisahau kabisa, nikamtazama anisaidie, naye hakunisaidia. Alingoja, mchele mkononi, macho kwangu, mpaka nikalipata. Ndipo akacheka hadi akashika mbavu. "Kibangubangu yako imeshika kutu kama zile redio zako! Zaina, kuja usikie bwana yako!"

Niliketi pale nikaelewa kwamba mama wa kine alichonifundisha kwa kalamu, mama yangu alikuwa anakifanya kwa mchi siku zote.

Alasiri ile ile hadithi zilirudi. Niliacha meza mapema ili nione. Ilikuwa hadithi ya kobe aliyekwama ng'ambo ya mto, anamwomba kila mnyama anayepita amvushe. Bibi anaimba ombi la kobe, na wasikilizaji wanamalizia kwa neno moja, ambalo kwa Kiswahili ni "nivushe". Alifika mahali pale, akasimama. Mchi hewani. Mimi na Zaina tulikuwa tumekatazwa kujibu. Nilihesabu kumi, nikafika ishirini. Safi alitoka kizingitini, akapita uani, akapiga kinu. Pah.

Bibi akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mwezi wa saba, kiganja kiliongezewa sauti. Mwezi wa nane sauti ilipata umbo, mwanzo wa neno bila mwisho. Daftari nililiacha, kisha nikalirudia kwa namna nyingine: niliandika yote aliyoyafanya ili aeleweke, mkono, jicho, kuvuta nguo, na saa, na alikuwa na nani. Ukurasa wa kwanza ulijaa kwa siku mbili. Miezi yote ile nilidhani mtoto amenyamaza.

Mvua ziliporudi, miezi kumi na moja kamili tangu siku ya gunia, mfereji mbele ya nyumba ulijaa maji mekundu. Nilikuwa nimeuruka, naenda mezani. Safi alibaki upande wa pili. Nilimtazama, na mdomo wangu ulikuwa tayari kusema, "Njoo nikubebe." Nikaufunga. Akatazama maji. Akatazama miguu yake. Akainua mikono, wa kuume chini kidogo kuliko wa kushoto, akasema neno la kobe. Zima, na mwisho wake.

Nilimvusha. Sitaandika zaidi kuhusu asubuhi hiyo.

Sipendi kudanganya mzazi anayesoma hapa. Safi hasemi kama wenzake. Sentensi yake ina maneno matatu, manne akiwa amepumzika. Anachanganya lugha, na tunamwacha achanganye. Baadhi ya vitu anaviita kwa jina la kitu jirani. Akiharakishwa, anafunga mdomo, na siku nzima imeharibika. Alianza shule mwezi wa tisa, akiwa amechelewa mwaka. Mwalimu wake alikubali jambo moja tulilomwomba: asimwulize akiwa amesimama mbele ya wengine, na akimwuliza, amngoje, hata kwa kuonyesha kwenye kibao. Watoto walimcheka mwezi wake wa kwanza pale. Sasa wapo wawili wanaowakemea wengine: "Muache, neno yake inakuja."

Mkiniuliza tulifanya nini, ni haya. Tulishuka chini hadi uso wake uwe sawa na wetu. Tuliacha kumpima. Alipotumia mkono tulipokea mkono kama jibu, kisha tukasema neno lake sisi wenyewe, mara moja, bila kumlazimisha alirudie. Aliposema "maji", tulisema "maji baridi", tukaishia hapo. Tulimrudishia lugha ya bibi yake. Na tuliacha kumjibia. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu linafanana na ukatili, na watu wanaopita watakuona mzazi mbaya.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, wakati wa karanga mpya, alipatwa na joto. Nilimkuta saa nne asubuhi amelala karibu na ukuta wa jikoni, ameweka paji la uso kwenye udongo baridi. Nilimbeba hadi kituo cha afya bila kufunga meza. Bibi na Zaina walinifuata.

Benchi lilikuwa limejaa. Walitupitisha mbele kwa sababu ya uso wangu, nadhani. Mwuguzi alikuwa kijana mgeni, hakutujua. Alishika kalamu, akanitazama mimi.

"Mutoto anaumwa wapi?"

Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu. Lilikuwa pale tangu siku ya redio ya Wamaza. Nikalimeza, nikapiga magoti mbele ya Safi.

"Safi. Inauma wapi?"

Moja. Mbili. Mwuguzi alisema, "Papa, watu iko wengi." Niliinua mkono kumsihi. Tano. Mwanamke mmoja kwenye benchi alinong'ona kwamba baba huyu anamtesa mtoto. Saba. Zaina alinishika bega. Kumi. Midomo ya Safi ilianza kusogea, ikasimama. Kumi na tatu.

"Tumbo," alisema.

Nilibaki nimepiga magoti. Akaona sijaelewa. Akaweka kiganja cha kushoto kwenye tumbo, akavuta pumzi, akaenda kutafuta mengine.

"Karanga. Mbichi. Mingi."

Mwuguzi alicheka, akaandika. "Nani alikupatia?"

Hapo Safi hakuchelewa. Alimwonyesha kwa kidole. "Bibi."

"Angalia huyu!" Bibi alisema kutoka mlangoni, na benchi zima likageuka. "Ni kwa hii nilimufundisha kusema?"

Niliomba wampime damu vilevile, wakampima, haikuwa na malaria. Walimpa dawa ya tumbo, na jioni alikuwa amekaa kando ya kinu.

Mimi ningemjibia: "Kichwa."